Tumtume Nani Shule ya Uongozi?

Wapendwa washarika,

Mara nyingi, barua ya kutaka vijana wawili waende shule ya uongozi inaposomwa kwenye matangazo, majina huwa yameshapatikana kabla watu hawajatoka kanisani. Mmoja ni mtoto wa mzee wa kanisa. Mwingine ni yule hodari wa kwaya, ambaye hababaiki akishikishwa kipaza sauti. Sina neno baya juu yao, na huenda hao hao ndio wanaofaa. Ninaloomba ni kwamba safari hii tusikimbilie majina yaliyo mdomoni.

Angalieni mnada wa sadaka ya mazao, pale nje baada ya ibada. Macho yote huwa kwa anayenadi, anavyoupandisha mkungu wa ndizi kutoka elfu tatu hadi elfu kumi. Pembeni yake amesimama binti na daftari. Anaandika nani kachukua kuku, nani kachukua mayai, nani kalipa, nani kasema atalipa katikati ya wiki. Siku hiyo ikifika, atapita kwa wadeni nyumba kwa nyumba. Atampa mzee shikamoo yake, atamuulizia hali, kisha atamkumbusha deni bila kumwaibisha mbele ya wajukuu. Jumapili hesabu inasomwa na haipungui hata shilingi. Huyo ameshaanza kuongoza. Kuendesha kikao na kuandaa bajeti atafundishwa; uaminifu wa fedha za wengi, na ujasiri wa kumdai mkubwa kwa heshima, anakwenda nao.

Kanisa la kwanza lilipata kazi kama hii. Matendo ya Mitume sura ya 6 inasimulia wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walivyosahauliwa kwenye mgao wa kila siku. Mitume hawakuteua watu wao. Waliwaachia waumini wachague saba wenye sifa njema, na majina yote saba yaliyotoka, tangu Stefano mpaka Nikolao wa Antiokia, ni ya Kigiriki. Naliona jambo kubwa hapo: kazi walikabidhiwa watu walio karibu na upande uliokuwa unalia.

Kwetu ni nani analia? Yuko kijana wa bodaboda anayekosa mazoezi ya kwaya kwa kuwa jioni ndipo abiria wanapopatikana, lakini mgonjwa akizidiwa usiku, yeye ndiye anayepigiwa simu. Yuko pia binti aliyezaa kabla ya ndoa, akatengwa, akarudi kundini mbele yetu sote. Tulimwombea siku ile, na tangu hapo jina lake halitajwi kwenye nafasi yoyote. Mwaka 2021 Serikali ya Tanzania iliruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito warudi darasani. Inaniuma kuona kanisa, lenye neno la msamaha madhabahuni kila Jumapili, likisita kufanya vivyo hivyo.

Kwa hiyo nawasihi, majina yaanzie kwenye jumuiya, kule mnakosali mkiwa majirani na mnakojuana tabia. Baraza la wazee liyapokee yote, na mzee mwenye mtoto au ndugu kati ya waliopendekezwa akae pembeni siku ya uamuzi. Kwenye barua ya mapendekezo tusiishie kuandika kwamba kijana ana tabia njema. Tuandike alichofanya: alifundisha shule ya Jumapili kwa muda gani, aliwapatanisha akina nani, alishika fedha gani na zikaonekana.

Kijana mwenyewe naye aulizwe, faraghani, kama anataka kwenda. Wapo wanaokubali kwa kumwogopa mchungaji.

Halafu tuhesabu gharama mapema: nauli, shuka, daftari, na kwa yule mwenye mtoto, nani atamlea mama akiwa masomoni. Aliyekosa nauli asibadilishwe kimyakimya kwa mwenye nayo. Tuchange.

Mama zangu wa Umoja wa Wanawake, ninyi mnawajua vijana hawa tangu wakibebwa mgongoni. Msisubiri kuulizwa. Jumuiya itakapokutana wiki hii, tajeni majina, na mwinjilisti wa mtaa ayaandike yote, hata yale yatakayotushangaza.