"Vumilia" si dawa ya mgonjwa aliyepasuliwa

WAHENGA walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Tunaukumbuka usemi huo kila tunapoingia katika wodi za upasuaji hapa Uganda, hasa zile za akina mama waliojifungua kwa kupasuliwa. Mama ameshonwa asubuhi, ganzi imemtoka mchana, na usiku anapomwita sista jibu huwa ni lile lile: "Mama, vumilia, kesho utapata nafuu."

Hatusemi haya ili kuwalaumu wauguzi. Muuguzi mmoja aliyeachiwa wodi iliyofurika hawezi kusimama kando ya kila kitanda. Tunachosema ni kwamba "vumilia" si dawa, na kwamba watafiti wamekwisha kuonyesha kuwa dawa zenyewe haziko mbali.

Mwaka 2017, madaktari wa New York, Marekani, walitoa matokeo ya utafiti juu ya wagonjwa 416 waliofika hospitali na maumivu makali ya mikono au miguu. Baadhi walipewa parasetamoli na ibuprofeni kwa pamoja, yaani Panadol na Brufen kama wengi wetu tunavyoziita. Wengine walipewa parasetamoli iliyochanganywa na dawa za jamii ya afyuni. Baada ya saa mbili, hapakuwa na tofauti ya maana kati yao.

Mwaka 2019, wenzao wa Denmark walitoa matokeo ya wagonjwa 556 waliobadilishiwa nyonga. Kiasi cha kati cha mofini walichohitaji waliopewa dawa hizo mbili pamoja kilikuwa miligramu 20 katika saa 24 za kwanza. Kwa waliopewa parasetamoli peke yake kilikuwa miligramu 36.

Dawa hizo si ngeni kwetu wala si za matajiri. Ni kweli ibuprofeni haimfai kila mtu, kwa mfano mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo, ndiyo maana daktari lazima aamue. Lakini mama anayenyonyesha anaweza kupewa zote mbili.

Wako watakaosema maumivu hayaui. Sisi tunaona wanakosea. Mgonjwa anayeumwa kidonda huogopa kukohoa na kuvuta pumzi kwa kina, na nimonia hupata nafasi. Huogopa kutoka kitandani, na damu huweza kuganda miguuni. Mama naye hushindwa hata kumpakata mtoto ili anyonye.

Wako pia wanaoogopa mofini kwa sababu ya yaliyotokea Marekani, ambako dawa za jamii hiyo zilitolewa ovyo na watu wengi wakapoteza maisha. Hofu hiyo ina msingi, lakini tatizo letu ni kinyume chake. Ripoti ya tume ya jarida la Lancet ya mwaka 2017 ilieleza kuwa kati ya tani 298.5 za dawa hizo zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zilipata tani 0.1 tu.

Kinachotushangaza ni kwamba Uganda ilikwisha kuionyesha dunia njia. Mwaka 1993, Dakta Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na mofini ya maji ya bei nafuu ikaanza kuwafikia wagonjwa wa saratani majumbani. Mwaka 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Nchi iliyoweza kumtuliza mgonjwa wa saratani kijijini inashindwaje kumtuliza mama aliye wodini, hatua chache kutoka chumba cha upasuaji?

Tunaiomba Wizara ya Afya ifanye mambo matatu. Kwanza, kila mgonjwa aliyepasuliwa aulizwe maumivu yake ni kiasi gani kati ya 0 na 10, na jibu liandikwe kwenye faili pamoja na joto la mwili na presha. Pili, dawa zitolewe kwa saa zilizopangwa, si kusubiri mpaka mgonjwa alie. Tatu, dawa hizo zisikosekane hospitalini, ndugu wakalazimika kuzitafuta madukani usiku wa manane.

Vyuo vyetu vya udaktari navyo vifanye utafiti katika wodi zetu wenyewe, kwani nyonga za Denmark hazitatueleza kila kitu kuhusu uzazi wa Uganda.

Hayo hayahitaji mashine wala wataalamu kutoka ng'ambo. Yanahitaji dawa za kawaida, kalamu, saa ya ukutani, na mtu wa kuuliza. Maiti ndiye aijuaye adhabu ya kaburi, lakini hawezi kuulizwa. Mgonjwa aliye hai anaweza, basi na aulizwe.