Mazembe: vijana wa pembeni wako na mbio, lakini watu wanawapima namna gani?

Lubumbashi – Kwenye uwanja wa Kamalondo, kijana wa pembeni akiingia dakika ya 75, watu hawangoji. Akigusa mpira wa kwanza, jukwaa linasimama: « Mumupatie mupira, ule mutoto iko na mbio! » Akimpita beki mara mbili, watu wanarudi nyumbani wakisema ekipe imepata mchezaji. Akipoteza mipira mitatu, juma lifuatalo wanauliza ni nani alimuleta. Dakika 15 tu, na hukumu imekwisha kutoka.

Mabishano haya si ya leo, lakini yamekuwa makali tangu msimu wa 2024-2025. Mwaka ule TP Mazembe ilimaliza ya mwisho katika kundi lake la Champions League ya Afrika, nyuma ya Al Hilal ya Sudan, MC Alger na Young Africans ya Tanzania. Taji la nchi likaenda kwa Les Aigles du Congo. Na kilichoumiza zaidi, ni jirani Lupopo ndiyo iliyobeba jina la Lubumbashi katika Champions League iliyofuata, ikaondosha Orlando Pirates kwa penalti mwezi wa Oktoba 2025. Kwa mtu wa Mazembe, kukaa nyumbani na kusikiliza Lupopo inashinda ni jambo la kukosesha usingizi. Basi kila mtu anatafuta dawa, na dawa ambayo wengi wanataja ni ileile: wapeni vijana nafasi, na pembeni muweke wenye mbio.

Kuhusu vijana, wana haki. Kuhusu mbio, kuna mengi ya kusema.

Mbio inahitaji nafasi, na hilo ndilo watu wanasahau kwanza. Mchezaji mwenye mbio anatisha kama kuna mita 30 za uwanja mtupu nyuma ya beki. Lakini ekipe inayokuja Kamalondo kutafuta sare haiachi mita 30. Inarudi nyuma, inapanga watu kumi mbele ya goli lake, na yule kijana anajikuta anapokea mpira akiwa amesimama, mabeki wawili mbele yake, mstari wa pembeni mgongoni. Hapo miguu ya mbio haina kazi. Kinachohitajika ni mguso wa kwanza, mwili wa kudanganya, na akili ya kutoa pasi kabla njia haijafungwa. Wengi bado wanakumbuka 0-0 na Al Ahly tarehe 20 Aprili 2024, nusu fainali, mbele ya watu wetu wenyewe. Juma moja baadaye kule Cairo ikawa 3-0. Mechi kama hizo hazishindwi na wala hazipotezwi kwa mbio peke yake.

Wapapa waliofuata ekipe hii tangu wakati ikiitwa Englebert wanapenda kurudi ku mwaka wa 2015, na kwa mara hii wanafanya vizuri kurudi. Katika fainali na USM Alger, Mazembe ilishinda 2-1 kule Algeria, kisha 2-0 hapa nyumbani tarehe 8 Novemba. Watu wanataja Mbwana Samatta, mtoto wa Tanzania, na ni haki yake: alifunga katika mechi zote mbili na akamaliza mfungaji bora wa mashindano kwa magoli 7. Lakini mtazame walioshambulia naye. Kulikuwa Rainford Kalaba wa Zambia, ambaye hakuna mtu alimuita mwenye mbio kuliko wote, lakini aliona pasi kabla ya wengine. Kulikuwa Roger Assalé wa Côte d'Ivoire, mfupi, mwepesi, mbio kama moto, aliyefunga goli la mwisho dakika za nyongeza, wakati USM Alger walikuwa wameacha nyuma wazi wakitafuta kurudi. Mbio ya Assalé ilipata kazi juu wengine walikuwa wamefungua njia. Ukiweka Assalé wawili bila Kalaba, unapata mbio nyingi na mpira unatoka inje.

Mfano wa karibu zaidi ni Meschack Elia. Tarehe 7 Februari 2016, Kigali, akiwa na miaka 18, alifunga magoli mawili katika fainali ya CHAN, Kongo ikapiga Mali 3-0. Siku ile kila mtu alisema kwamba mwaka hautapita bila yeye kwenda Ulaya. Mwaka ulipita. Alikwenda Young Boys ya Uswisi mwanzo wa 2020, miaka minne baadaye, katika ekipe ileile ambayo Assalé alikuwa amechezea. Miaka ile minne haikuwa mizuri yote, hasa mwishoni, na kulikuwa siku ambazo jukwaa lilimchoka. Lakini alicheza. Alikosa, akacheza tena. Tarehe 16 Novemba 2025, kule Rabat, Nigeria ilikuwa imefunga goli mapema sana, na ni Elia aliyesawazisha dakika ya 32. Léopards wakashinda kwa penalti 4-3. Elia wa siku ile alikuwa na miaka 28. Bado ana mbio, lakini goli lile alilipata kwa sababu alijua pa kusimama wakati mpira unafika. Akili ile hainunuliwi na mtoto wa miaka 18.

Kuna pia wale waliokwenda mapema, mbio ikiwa ndiyo pasipoti yao. Tuisila Kisinda alitoka AS Vita Club akaingia Young Africans mwaka wa 2020. Dar es Salaam ilimpenda siku ya kwanza, juu alikuwa anaacha mabeki wamesimama. Baada ya muda mashabiki walewale wakaanza kuuliza: na pasi ya mwisho, iko wapi? Alikwenda RS Berkane ya Morocco mwaka uliofuata, kisha akarudi Yanga 2022. Swali lile linamfuata karibu kila mchezaji wa pembeni anayetoka kwetu, na kwa kweli jibu halitafutwi Dar wala Berkane. Linatafutwa Katuba, Kenya, Ruashi, ku viwanja vya udongo ambako mpira unaruka kama chura na mtoto anaona faida ya kuupiga mbele na kuukimbiza. Pale anajifunza mbio. Kutuliza mpira, anajifunza kama kuna mtu wa kumfundisha na uwanja wa kumwezesha. Akademi ya Katumbi ilianzishwa 2012 kwa ajili ya kazi hiyo, lakini akademi moja haiwezi kubeba watoto wa mji mzima.

Jambo lingine, watu wanalisema kwa sauti ya chini: miaka. Mtu akisema « mutoto wa miaka 17 », jirani yake anacheka. Kisa cha Silas Katompa Mvumpa kilionyesha kwamba si kila mara mchezaji ndiye mwenye kosa. Mwaka wa 2021 klabu yake, Stuttgart, ilitangaza kwamba alikuwa ameandikishwa kwa jina lingine na mwaka mmoja pungufu, na kwamba alikuwa chini ya mikono ya mtu aliyejiita wakala wake. Ujerumani walimfungia miezi mitatu. Na huyu alikuwa amefunga magoli 11 katika msimu ule wa Bundesliga, mbio yake ikiwa habari ya nchi nzima, kabla goti halijavunjika mwezi wa Machi. Katika mwaka mmoja kijana alijua utamu wote na uchungu wote. Wale wanaopiga kelele « auzwe, auzwe » baada ya mechi nzuri mbili wangefaa kukumbuka ni nani anamngoja mtoto huyo inje ya mlango.

CHAN ya Agosti 2025 ilitoa picha ya wachezaji wa ndani. Kongo ilipoteza 1-0 mbele ya Kenya, ikapiga Zambia 2-0 na Angola 2-0, kisha Morocco ikaifunga 3-1 na safari ikaishia kwenye kundi. Kwa ekipe zilizoacha nyuma wazi, vijana wetu walipata njia. Kwa wale waliojua kushika mpira na kuungoja, njia ilifungwa.

Kwa hiyo, mpenzi wa Mazembe atazame nini? Wapapa wa Kamalondo wana desturi moja ambayo vijana wanaicheka. Mpira ukiwa upande wa kushoto, wao wanamwangalia yule wa kulia. Anafanya nini wakati hana mpira? Amejifungua, ama amesimama mikono kiunoni? Beki wa pembeni wa adui akipanda, anarudi naye ama anamwachia mwenzake taabu? Na akiinua kichwa kabla ya kupiga sentre, wanatikisa kichwa kidogo tu, hawapigi makofi. Makofi wanayaweka kwa mechi ya tano ama ya sita, kama kocha amemwacha afike huko.