Sheria ya duka iwafuate watoto hadi katika dunia pepe

Si siri tena kwamba watoto wetu wana masoko ambayo wengi wetu, wazazi na walimu, hatujapata kuyakanyaga. Masoko hayo hayana vibanda wala mizani. Yamo ndani ya simu na kompyuta, katika michezo kama vile Roblox na Fortnite, ambamo mchezaji hujiundia umbo lake, akalivika nguo, akalitembeza na kukutana na maumbo ya watu wengine walio mbali naye kwa maelfu ya maili. Hizo ndizo ninazoziita dunia pepe. Humo nguo huuzwa, kofia huuzwa, hata mtindo wa kucheza ngoma huuzwa. Bidhaa zenyewe hazishikiki, lakini pesa zinazolipwa ni zile zile za kununulia unga.

Hoja yangu ni kwamba duka ni duka, liwe Gikomba au liwe ndani ya kioo cha simu. Sheria inayomkinga mnunuzi katika lile la kwanza haina budi kumkinga katika hili la pili.

Wako wanaodai kuwa hii ni michezo tu, na kwamba serikali haina haja ya kujiingiza. Hao nawakumbusha yaliyotokea Second Life, dunia pepe iliyofunguliwa mwaka wa 2003 na kampuni ya Linden Lab ya Marekani. Sarafu yake iliweza kubadilishwa kwa dola halisi. Punde si punde wakazi wake wakaanzisha benki zao, na mojawapo, Ginko Financial, ikaahidi riba kubwa kupita kiasi. Mwaka wa 2007 ilianguka, na waliokuwa wameweka akiba wakapoteza. Kampuni ilikuja kuzipiga marufuku benki zisizo na leseni Januari 2008, wakati wengine walikuwa wamekwisha kulia.

Mwaka huo huo wa 2007, hakimu wa mahakama ya Pennsylvania alikuwa akisikiliza kesi ya mkazi mmoja wa Second Life aliyenunua ardhi humo kisha akafungiwa akaunti yake. Kampuni ilitaka kesi iondolewe mahakamani, kwa kuwa mkataba wake ulisema ugomvi wote utaamuliwa na wasuluhishi wa faragha. Hakimu alikataa, akisema kuwa sharti hilo lilimwonea mteja. Hatimaye pande hizo mbili zilipatana, lakini funzo lilibaki. Katika dunia pepe, mwenye duka ndiye mtunga sheria, ndiye polisi, na ndiye anayetaka kuwa hakimu pia.

Kisa cha Fortnite kinatugusa zaidi, kwa sababu kinahusu watoto. Desemba 2022, Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya Epic Games, yenye mchezo huo, ingelipa dola milioni 520. Kati ya hizo, milioni 275 zilikuwa faini kwa kukiuka sheria ya siri za watoto, na milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia wateja pesa zao. Tume ilieleza kwamba vitufe vilipangwa kwa namna ya kutatanisha, hata mchezaji akaweza kutozwa pesa kwa kubonyeza mara moja tu. Hadi mwaka wa 2018, watoto waliweza kununua sarafu za mchezo bila idhini ya mzazi. Na mteja aliyepinga malipo kupitia benki yake alifungiwa akaunti, akanyimwa hata vile alivyokwisha kuvilipia.

Walimu wa hisabati watanielewa vyema katika jambo la sarafu. Tuseme kofia ya mchezo inauzwa kwa sarafu 450, na sarafu zenyewe huuzwa kwa mafungu ya 400 tu, kila fungu shilingi 500. Mwanafunzi atalazimika kununua mafungu mawili kwa shilingi 1,000. Thamani ya kofia ni shilingi 562.50, lakini shilingi nyingine 437.50 zimebaki humo humo zikiwa sarafu 350, zikimwita arudi kuongeza. Huu ni mfano wangu, ila mtindo wa kuuza kwa mafungu ni wa kawaida katika michezo hii. Machi 2025, mamlaka za Ulaya za kuwatetea wanunuzi zilitoa miongozo inayotaka bei ionyeshwe kwa pesa halisi, na mteja asilazimishwe kununua sarafu asizozihitaji.

Sisemi kwamba milango ya dunia pepe ifungwe. Manufaa yake ni mengi. Shule isiyo na maabara yaweza kuwaonyesha wanafunzi jaribio la kemia bila chupa hata moja kuvunjika. Kijana mwenye kipaji aweza kujenga mchezo wake ndani ya Roblox na kulipwa. Lakini hata hapo pana haja ya macho makavu: kampuni huzinunua sarafu za mjenzi kwa bei iliyo chini sana ya ile inayomwuzia mchezaji. Kijana anayetafuta riziki humo anastahili kulijua hilo kabla ya kukesha akijenga.

Je, Kenya tuna sheria? Tunazo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari za kutosha na kulindwa masilahi yake ya kiuchumi. Sheria ya Kuwalinda Wanunuzi ya 2012 inagusa mikataba ya intaneti, na inamtaka mwuzaji aeleze mambo muhimu kabla ya mteja kukubali. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya habari za mtoto kutumiwa. Upungufu uko katika utekelezaji, na katika kanuni za kuzileta sheria hizi hadi kwenye kitufe anachobonyeza mtoto.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila bidhaa ya dunia pepe inayouzwa nchini ionyeshe bei yake kwa shilingi, kando ya bei ya sarafu. Pili, ununuzi wa mtoto usikamilike hadi mzazi athibitishe, na pesa zilizochukuliwa bila idhini hiyo zirudishwe. Tatu, mteja wa Kenya aweze kushtaki papa hapa Kenya, bila kutumwa kwa wasuluhishi wa ng'ambo.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Serikali itunge kanuni, lakini walimu wasingoje. Hesabu ile ya kofia yaweza kufundishwa kesho asubuhi darasani. Nanyi wanafunzi, kabla ya kubonyeza kitufe cha kununua, igeuzeni bei iwe shilingi na kuiandika katika karatasi. Mkiona haya kumwonyesha mzazi karatasi hiyo, basi jibu mmekwisha kulipata.