Dawa ya meno si ya taa za gari

Najua nimepotea kwa wiki kadhaa. Nilikuwa nyumbani Nyamache, na badala ya kuandika kodi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya Probox ya Tata (baba yangu, kwa wale wasiojua Kigusii) nikisugua taa. Kwa hiyo leo hakuna PHP wala Java. Leo ni taa za gari, ingawa mnavyonijua, programu zitaingia tu kwa mlango wa nyuma.

Ilianza hivi. Tata alikuja kunichukua mjini Kisii, tukakutwa na giza njiani. Ukungu nao ukashuka, kama kawaida ya huku juu kwenye majani chai. Taa zilikuwa zinawaka, lakini barabara haikuonekana vizuri. Ghafla akatokea mama mmoja akitembea kando ya lami, kikapu kitupu mgongoni, hatua chache tu kutoka kwenye bampa. Tata akakata usukani. Hakuna aliyeumia. Yule mama alitufokea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na alikuwa na haki.

"Tata, hizi taa zina shida," nikamwambia.

"Zilisafishwa mwezi wa nane, mwanangu. Ziling'aa kama mpya."

Asubuhi nikazitazama. Zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kumbe fundi mmoja alizisugua kwa dawa ya meno na kitambaa, akalipwa, wakaagana vizuri. Miezi minne baadaye zilikuwa zimefifia tena, na Tata alidhani ni macho yake yanazeeka.

Maoni yangu ni haya: kusugua taa bila kuzipaka kinga mpya si kutengeneza taa. Na anayekulipisha kazi hiyo bila kukwambia kwamba ni ya muda mfupi tu, anakukosea.

Ngoja nieleze kwa nini. Zamani taa za magari zilikuwa za kioo halisi, na kioo hakifanyi hivi. Plastiki ilianza kushika nafasi yake miaka ya 1980. Marekani kwa mfano, sheria ya taa ililegezwa mwaka 1983, na Lincoln Mark VII ya mwaka 1984 ikawa ya kwanza huko kutumia taa za mtindo mpya. Plastiki yenyewe inaitwa polikaboneti. Ni nyepesi, haivunjiki ovyo ikigongwa na jiwe, na inafinyangwa umbo lolote. Lakini ina udhaifu mara mbili: ni laini, kwa hiyo inakwaruzika, na miale ya urujuanimno ya jua (ile ile inayopausha nguo kwenye kamba) huigeuza njano. Kiwanda kinalijua hilo. Ndiyo maana taa mpya hutoka na koti jembamba sana, gumu, la kuikinga plastiki.

Kwa hiyo ule ukungu unaouona si uchafu. Ni koti lililokufa, na plastiki iliyoanza kuungua chini yake.

Sasa fikiria kwetu. Nyamache iko chini ya digrii moja kutoka Ikweta, tena milimani, na kila unapopanda mita 1,000 miale hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10. Magari yetu mengi ni mitumba kutoka Japani. Sheria ya Kenya inakataa gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane, lakini hata hilo la miaka saba linashuka Mombasa koti lake likiwa limeshapigwa jua miaka yote hiyo. Kisha tunaliegesha sokoni kutwa nzima bila kivuli.

Dawa ya meno inafanya nini? Ndani yake mna chembechembe ndogo za kusugulia. Zinaondoa tabaka la juu lililogeuka njano, na kweli taa inang'aa. Sibishi. Lakini pamoja na uchafu huo zinaondoa mabaki ya koti pia. Unabaki na plastiki uchi juani. Wengine wanatumia dawa ya mbu yenye DEET. Hiyo ni mbaya zaidi: inayeyusha ngozi ya plastiki ikaonekana laini kwa siku chache. Petroli na thina zinaweza kuipasua nyufa ndogondogo ambazo hazitoki tena.

Na hili si suala la urembo. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima mwaka 2018. Taa zilizofifia zilitoa asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Zikisafishwa vizuri zilirudi hadi karibu asilimia 70. Kununua balbu kali zaidi hakusaidii, kwa sababu plastiki yenye ukungu hutawanya mwanga: wewe huoni, na anayekuja mbele yako unampofusha.

Sasa mlango wa nyuma :-) Nilipoanza kazi tulikuwa na programu iliyokuwa ikimeza kumbukumbu ya seva kidogo kidogo hadi seva inalala. Nikaweka amri ya kuiwasha upya kila saa nane usiku. Meneja akafurahi. Mimi nikasifiwa. Hakuna aliyeandika popote kwamba hitilafu bado ipo. Wateja walipoongezeka, seva ikaanza kulala saa sita mchana. Sioni aibu kwamba niliiwasha upya. Wakati mwingine huna la kufanya. Aibu yangu ni kwamba nilisema "nimetengeneza".

Najua mtu ataniambia: fundi anatafuta riziki, na mteja mwenyewe ndiye anayetaka bei ya chini. Sawa. Basi mwambie mteja bei mbili. Hii ni ya kufika Krismasi, hii ni ya kufika Krismasi ya baada ya hiyo. Mteja akichagua ya kwanza, amechagua akijua.

Hivi ndivyo nilivyofanya nyumbani, kwa vitu vya hadiweya na duka la rangi za magari:

1. Osha taa kwa sabuni na maji. Kama ukungu uko ndani ya taa, acha hapo hapo, kusugua nje hakutasaidia. Na kama taa ni ya kioo, usiiguse kwa msasa.

2. Zungushia utepe wa karatasi ili usikwaruze rangi ya gari.

3. Sugua kwa msasa wa maji, namba 800, kisha 1500, kisha 2000. Maji yasikauke. Usipande namba kabla mikwaruzo ya namba iliyotangulia haijaisha. Taa itaonekana mbaya kuliko ulivyoanza. Usiogope.

4. Futa, kausha kabisa, halafu puliza rangi angavu ya magari yenye kinga ya jua (mafundi wa rangi huiita klia), makoti mawili membamba. Ile inayochanganywa na kigandishi hudumu zaidi, lakini moshi wake ni sumu. Fanya nje, vaa barakoa ya wapaka rangi, watoto wakae mbali.

5. Gari likae mahali pakavu hadi siku ya pili. Kwa mvua za Kisii, hapa ndipo penye kazi.

Hatua ya nne ndiyo kazi yenyewe. Zile za kwanza ni matayarisho tu.

Jioni ya pili tuliteremka na Tata barabara ile ile. Sitawadanganya kwamba taa zimekuwa mpya. Taa moja ina kovu pale nilipoacha msasa ukakauka. Lakini tuliwaona watoto wawili wakisukuma baiskeli kabla hata hatujawakaribia, na Tata akapunguza mwendo taratibu, bila kukata usukani.

"Zitakaa muda gani?" akauliza.

"Labda miaka miwili, Tata. Zikianza kuwa njano, niambie. Usiziguse kwa dawa ya meno."

Akacheka. "Basi andika tarehe."

Nikaandika kwa kalamu ya wino chini ya boneti. Hata ile amri yangu ya saa nane usiku ilihitaji maelezo kama hayo, mstari mmoja tu. Sikuuandika.