Kamera Mlangoni kwa Mwenye Shida



Wiki hii nimepokea ujumbe mwingi kuhusu jambo moja. Kuna hizi filamu fupi za maisha ya kweli, ambazo vijana huziita dokumentari, za dakika ishirini, thalathini au arobaini hivi. Mtu anasimulia maradhi yake, kifungo chake, safari yake ya hatari, au dhuluma aliyotendewa na watu wa nyumbani kwake. Mnanitumia, kisha mnauliza: Sheikh, kuziangalia kuna ubaya? Na vijana wa msikitini kwetu wamekwenda mbele zaidi, wanataka kutengeneza za kwao.

Jibu fupi kwa mwenye haraka ni hili: kisa ni mali, na kina mwenyewe. Mwenye kisa akikitoa kwa ridhaa yake, msikilize na uzingatie. Kikichukuliwa kwake kama kuku anavyochukuliwa bandani usiku, basi wewe unayekaa kukitazama unakula nyama ya wizi. Mwenye nafasi aendelee kusoma, maana humu ndani mna mambo.

Nianze na filamu ambayo wengi mmeshaiona, Stranger at the Gate, ya mwaka 2022, iliyoongozwa na Joshua Seftel. Ni ya nusu saa hivi, na mwaka 2023 iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Inamhusu Richard McKinney, aliyekuwa askari wa jeshi la Marekani, akarudi kutoka vitani na chuki kubwa moyoni dhidi ya Waislamu. Mwaka 2009 aliingia katika msikiti wa mji wa Muncie, jimbo la Indiana, hali amekusudia kuulipua. Alikwenda kupeleleza. Wale aliotaka kuwaua wakampokea kama mgeni. Alikuwapo mama mmoja mkimbizi kutoka Afghanistan, Bibi Bahrami (Bibi ni jina lake, si heshima ya umri), ambaye alimkaribisha na kumlisha. Yule bwana akarudi tena, akarudi tena. Miezi haikufika mwaka akasilimu, na baadaye akawa kiongozi wa msikiti ule ule. Subhanallah.

Ndugu mmoja aliniandikia: je, mtu huyu kujieleza hadharani kwamba alitaka kuua, si katika kule kujianika ambako Mtume (s.a.w.) ametukataza, mtu kutenda dhambi usiku, Allah akamsitiri, asubuhi akaamka kuyavua mwenyewe yale aliyositiriwa? Swali zuri. Mimi naona si hilo. Aliyekatazwa ni yule anayetangaza maasi yake kwa kutoyajali au kwa kujisifu. Huyu anaeleza jambo alilokusudia kabla ya Uislamu, na tumefundishwa kuwa Uislamu hufuta yaliyokuwa kabla yake. Analieleza kwa majuto, na wale aliotaka kuwadhuru wapo katika filamu hiyo hiyo wakisema kwa vinywa vyao. Hakuna aliyesemewa.

Lakini kuna jambo jingine katika kisa kile ambalo sioni watu wakilizungumza. Mwaka 2009 hapakuwa na mtengeneza filamu pale mlangoni. Ule ukarimu ulifanywa bila ya mtu wa kuurekodi. Filamu ilitengenezwa zaidi ya miaka kumi baadaye, ikakuta wema umeshatendwa na umeshazaa. Likumbuke hilo, maana nitakuja kwetu hivi punde.

Filamu ya pili ni nzito zaidi, na wazazi waitazame kwanza kabla ya watoto. Inaitwa A Girl in the River, ya Sharmeen Obaid-Chinoy wa Pakistan, iliyopata Oscar mwaka 2016. Binti anaitwa Saba. Aliolewa na kijana aliyemtaka, bila ya ridhaa ya jamaa zake. Baba yake na ami yake wakamfuata, wakamwapia kwa Msahafu kwamba hawatamdhuru. Akawaamini akatoka nao. Wakampiga risasi, wakamtia ndani ya gunia, wakamtupa mtoni. Kwa qadari ya Allah risasi haikumuua, akajikokota mpaka akapata msaada.

Sasa nawaomba mtulie hapa, maana wapo watakaosema filamu hii imetengenezwa kuuchafua Uislamu. Mimi nasema aliyeuchafua ni yule aliyeshika Msahafu kwa mkono mmoja na bastola kwa mwingine. Kinachoonyeshwa pale ni mlango walioupata wauaji ndani ya sheria ya nchi yao: aliyedhulumiwa, au warithi wa aliyeuawa, wakisamehe, kesi inakufa. Msamaha katika kisasi ni rehema aliyoiweka Allah, hakuna anayebisha. Lakini baba akiua, na wenye haki ya kusamehe wakawa ni mke wake na wanawe anaowalisha, huo ni msamaha gani? Wapo wanazuoni wakubwa, Imam Malik miongoni mwao, waliosema muuaji wa makusudi hata akisamehewa bado anabakiwa na adhabu ya mtawala. Saba alisamehe kwa shinikizo la wazee wa mtaa, na filamu inamwonyesha akisema wazi kwamba moyoni hakusamehe. Mwaka huo huo wa 2016, mwezi wa Oktoba, Bunge la Pakistan lilipitisha sheria kuwa anayeua kwa kisingizio cha heshima ya ukoo atafungwa hata kama amesamehewa na jamaa. Sisemi ni filamu peke yake iliyoleta sheria ile, maana mwezi wa Julai nchi ilikuwa imetikiswa na mauaji ya Qandeel Baloch, aliyeuawa na kaka yake. Ila sauti ya binti yule ilifika mpaka ofisi ya waziri mkuu, ilikoonyeshwa.

Je, alikuwa na haki ya kusema? Soma Surat An-Nisaa, aya ya 148, pamoja na tafsiri yake. Utakuta kwamba Allah hapendi mabaya kutajwa hadharani, kisha akamtoa katika makatazo hayo aliyedhulumiwa. Imam Nawawi katika Riyadhus-Swalihin amekusanya sababu sita zinazomruhusu mtu kumtaja mwenziwe kwa jambo asilolipenda, na ya kwanza ni malalamiko ya aliyedhulumiwa. Na Hind bint Utba alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) akamshitakia ubahili wa mumewe Abu Sufyan, akampa jibu wala hakumkaripia kwa kusema. Basi wale wanaowaambia dada zetu wanaopigwa kwamba wanyamaze ili kumsitiri mume, watuletee dalili. Sitara haikuwekwa iwe nguo ya kumfunika dhalimu.

Tazama lakini aya ilivyoelekea. Ruhusa imepewa aliyedhulumiwa. Jirani mwenye simu hakupewa.

Sharmeen huyo huyo, pamoja na Daniel Junge, walitengeneza Saving Face, iliyopata Oscar mwaka 2012, kuhusu wanawake waliomwagiwa tindikali usoni. Kazi kubwa, na daktari Mohammad Jawad aliyekwenda kuwatibu Allah amlipe. Ila baada ya ushindi, baadhi ya wanawake waliomo walipinga isionyeshwe nchini mwao, wakihofia usalama wao. Mtengenezaji akasema walitia saini. Sitaki kuhukumu kati yao. Nataka tu uone tofauti ambayo karatasi haiwezi kuikamata: mtu anaweza kukubali uso wake uonekane London asikubali uonekane kwa shemeji yake. Wageni watakuonea huruma kisha watazima taa walale. Jirani utakutana naye kisimani kesho.

Niseme kidogo na za safari na ujasiri, maana vijana wanazipenda. Hazina neno. Kutembea katika ardhi tumeamrishwa, tuzingatie. Ila ukitazama zile za kupanda Kilimanjaro, mhesabu anayesema. Mpandaji anaeleza uchungu wa magoti yake tangu Machame mpaka Uhuru, na nyuma yake anapita kijana wa Kichaga na mzigo kichwani, hana jina, hana neno, na ameshapanda mlima huo mara nyingi kuliko mwenye filamu. Nayo ni shida ya mtu, lakini haikuulizwa.

Haya, tuje nyumbani.

Filamu nyingi mnazotengeneza na kusambaza kwenye WhatsApp si za Oscar. Ni za dakika tatu au nne: mama mgonjwa kitandani, watoto yatima mkekani, mtu wa misaada na fulana yenye nembo, gunia la mchele, machozi, kasida ya huzuni kwa nyuma. Ramadhani moja kundi la kutoa misaada, silitaji, lilikuja mtaani kwetu na magunia ya futari. Nilikuwa nao. Tukafika kwa mjane mmoja mwenye watoto wanne. Kijana akatoa simu akamwambia, mama, sogea kwenye mwanga, ushukuru kidogo. Yule mama akauliza, na nisiposhukuru? Kijana akacheka akadhani utani. Mama akasema, basi chukueni gunia lenu. Akafunga mlango kwa adabu kabisa. Najua walifuturu nini siku ile, kwa sababu mke wangu aliwapelekea baadaye kwa mlango wa uani.

Wenzangu wakasema ana kiburi. Wallahi si kiburi. Katika Surat Al-Baqara, aya ya 273, Allah amewasifu mafukara ambao asiyewajua huwadhani matajiri kwa jinsi wanavyojizuia kuomba. Huyo ndiye wao. Fukara wa namna hii amebakiwa na kitu kimoja tu, nacho ni kutojulikana kwake, na sisi tunamwambia: tupe hicho, tukupe kilo tano za mchele. Aya chache kabla ya hapo, ya 264, tumeonywa tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi. Zamani masimbulizi yalikuwa maneno ya barazani, yakaisha na waliosikia. Leo yanahifadhiwa. Namjua kijana ambaye klipu yake ya kuchangiwa matibabu ilirekodiwa akiwa na miaka saba, akilia, nguo amevuliwa kidonda kionekane. Amepona, alhamdulillah, yuko kidato cha pili, na wanafunzi wenziwe wanamwita kwa lile neno alilokuwa akililia mle ndani. Nani atamlipa?

Najua mtasema: Sheikh, bila picha watu hawatoi. Kuna ukweli. Bili za hospitali hazingoji, nami nimeona klipu zikiokoa maisha. Na lipo asli katika Sunna. Walimjia Mtume (s.a.w.) watu wa Mudhar, peku, nguo zao chakavu, uso wake ukabadilika kwa hali yao, akasimama akawahutubia watu, na watu wakatoa mpaka yakapatikana mafungu mawili ya chakula na nguo. Haja yao ilionekana mbele ya wote. Lakini walikuja kwa miguu yao, hapana aliyewaambia walie, na uso uliobadilika ulikuwa wa anayehimiza utoaji.

Kwa hiyo vijana wetu nimewawekea masharti, nayaandika hapa na wengine wayatumie. La kwanza ndilo kubwa: mpe kwanza, umwombe ruhusa baadaye. Ruhusa anayoitoa mtu mwenye njaa mbele ya gunia si ruhusa. Rudi baada ya wiki, ameshiba, mkono wako mtupu, umuulize tena. Akikataa, mshukuru uondoke. Pia kama haja ni bili, onyesha bili. Daktari na mwenyekiti wa mtaa wanaweza kusema kwa niaba ya mgonjwa bila sura yake kuonekana. Mtoto mdogo uso wake usionekane, hata mzazi akikubali, kwa sababu kisa ni cha mtoto na atakuja kukidai. Haja ikiisha, klipu ifutwe palipowezekana. Na hata serikali imeligusa jambo hili: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ilitangulia mwaka 2019, kwa hiyo msidhani ni ukali wa Sheikh tu.

Kuhusu filamu wanayotaka kutengeneza, wamempata mzee mmoja mvuvi aliyepotea baharini siku kadhaa ujanani mwake. Wamemwendea mara tatu. Mara ya kwanza aliwafukuza, ya pili akawapa kahawa, ya tatu akakubali kwa sharti moja, kwamba jina la mwenziwe aliyefia baharini lisitajwe mpaka mjane wake aulizwe. Mjane yuko Pemba. Kijana mmoja anavuka Jumatatu in shaa Allah kwenda kumuuliza, na nauli tumeshachanga. Filamu ikikamilika, mzee ataiona wa kwanza, na akiridhia nitaiweka hapa.

Wallahu a'lam.