Shilingi "yenye kasoro": itazame ukingo kabla ya kutuma pesa

Jirani yangu hapa Buruburu, mtu wa Malindi kama mimi, alinionyesha shilingi ishirini ambayo pete ya nje imeachana na kiini. Mnunuzi aliyempata kwenye simu amemuahidi laki moja na nusu, ila kwanza atume elfu mbili za "ukaguzi". Nikamwambia, bwana, usitume hata ndururu. Mnunuzi hutoa pesa, haombi.

Kasoro ya kweli hutokea kiwandani, nayo huacha dalili. Sarafu hupigwa muhuri juu ya kipande kitupu, na madini husukumwa yakajaza mchoro. Pigo likienda upande, ukingoni hubaki mwezi mtupu. Kipande kikiwa kimekatika kabla ya pigo, ukingo unaolikabili pengo huwa hafifu, maana hapo madini hayakusukumwa vya kutosha. Aliyekata kwa tupa baadaye hawezi kuiga hilo: upande wa pili unabaki imara, na pengo lina mikwaruzo. Maandishi ya kinyumenyume nayo mara nyingi ni kazi ya jiliwa, sarafu mbili zimebanwa pamoja. Geuza upande wa pili, utaukuta umebonyea. Na pete na kiini huachana kwa moto na nyundo; ya jirani ilikuwa na weusi wa moto kabisa.

Wazee wetu wa Pwani wangali na senti tano na kumi za Afrika Mashariki, zile za tundu katikati. Tundu lile lilitobolewa kabla ya pigo, kwa hiyo kingo zake ni laini. La kekee hukata mchoro na kuacha makali. Ukiiona pesa ya Mombasa ya 1888, ya mizani, ina tundu karibu na ukingo, hilo ni la mkufu wa bibi wa mtu.

Uvumi huu, naona, umepata nguvu kwa sababu Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa, na Desemba 2018 zikaja sarafu za twiga, kifaru, simba na ndovu. Watu wakadhani za Kenyatta na Moi zimekuwa hazina. Hata arobaini ya Kibaki ya 2003 huitwa kasoro, ilhali ilitolewa makusudi kwa miaka 40 ya uhuru. Benki Kuu ilisema za zamani zitaendelea kutumika, na makanga wa Jogoo Road anazipokea kila asubuhi.