Doa Jeupe Si Saratani, Wala Si Uhuni

Tumechoka na minong'ono ya harusini: "Fulani kapimwa shingo ya kizazi, kakutwa chanya, maskini, ndo basi tena." Basi kitu gani? Mpimaji hupaka siki (hiyo imepimwa, si ya kachumbari) akasubiri dakika moja. Pasipobadilika, ni kawaida, utarudi baada ya miaka michache. Pakitokea doa jeupe, huenda seli zimeanza kubadilika. Mara nyingi hugandishwa au kuunguzwa siku hiyo hiyo. Saratani yenyewe huchukua miaka, aghalabu 10 au zaidi. Na kirusi cha HPV humpata hata asiyemjua mwanamme mwengine ila mumewe. Sasa mnamwita mhuni kwa lipi? Wenzetu wanaficha karatasi za majibu chini ya godoro, kliniki hawarudi, kwa maneno yenu haya.